Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayouliza Neno Kabla ya Kuwaka

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: kompyuta ya mezani ambayo yeyote anayepita anaweza kuiwasha. Maneno yanayosomeka kwenye skrini tumeyaacha yalivyo, maana BIOS nyingi (programu inayoamka kabla ya Windows) zinaongea Kiingereza na Windows nyingi za kwetu zinaongea Kifaransa, na msomaji anatakiwa kuyatambua anapokutana nayo.

Jambo wahariri. Nina sekretaria publiki hapa Kadutu: tunapiga chapa, tunafotokopi, tunaskani. Kompyuta ni mbili za mezani, moja HP na nyingine iliyounganishwa na fundi. Usiku kijana anayelinda anaziwasha aangalie filamu. Juzi nimekuta TFC nzima ya mwanafunzi, kazi yake ya kumalizia masomo, imefutwa. Windows ina neno la siri, lakini kijana anaingiza flashi na kuliruka. Nataka mashine ikatae kuwaka kabisa. – Mama wa sekretaria, Bukavu

Mama, neno la siri la Windows linalindwa na Windows yenyewe. Anayewasha mashine kwa flashi yenye mfumo mwingine hajaiamsha Windows hata kidogo, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza kitu. Neno unalotafuta linakaa chini zaidi, kwenye BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) na inayoamka kabla ya diski kusomwa. BIOS ikikataa, hakuna diski wala flashi itakayosomwa.

Maneno yenyewe ni mawili, na watu wengi huweka moja wakidhani wamemaliza. La kwanza ni la msimamizi: utaliona kwa jina la «Administrator», «Supervisor», «Admin» au «Setup Password». Kazi yake ni kulinda mipangilio ya BIOS. La pili ni la kuwashia: «Power-On», «System» au «User Password». Hili ndilo linaloulizwa kila mashine inapowaka. Ukiweka la msimamizi peke yake, kwa kawaida mashine itawaka bila kuuliza chochote. Ukiweka la kuwashia peke yake, kwenye bodi nyingi kila unayempa neno hilo anapata pia ruhusa ya kuingia BIOS na kulibadilisha, na siku hiyo wewe ndiye utakayebaki nje. Weka yote mawili, yasifanane, na la msimamizi abaki nalo mwenye duka tu.

Kuingia BIOS: zima kabisa, washa, na papo hapo anza kugonga kitufe chake, mara mbili kila sekunde, usingoje nembo itokee. Kwa HP ni F10, Dell F2, Lenovo ThinkCentre F1, na bodi nyingi za ASUS, Gigabyte na MSI ni Delete, ambacho kwenye kibodi za Kifaransa kimeandikwa «Suppr». Windows 10 au 11 ikikuwahi kila mara, shikilia Shift huku ukibonyeza «Redémarrer», kisha fuata «Dépannage», «Options avancées», «Changer les paramètres du microprogramme UEFI». Mstari huo wa mwisho usipoonekana, Windows yako imewekwa kwa mtindo wa zamani. Rudi kwenye kitufe na uwe mwepesi.

Kwenye HP fungua «Security». Za miaka ya karibuni zina «Create BIOS Administrator Password» na «Create POST Power-On Password». Za zamani zinasema kwa kifupi «Setup Password» na «Power-On Password». Utaandika neno mara mbili, halafu «Save Changes and Exit». Ukizima kwa kitufe kabla ya kuhifadhi, umefanya kazi bure.

Ile iliyounganishwa na fundi ndiyo yenye mtego. Baada ya kuweka maneno yote mawili, tafuta mstari unaoitwa «Password Check» au «Security Option». Una chaguo mbili: «Setup», na «System» au «Always». Mara nyingi unakutwa kwenye «Setup», yaani neno litaulizwa kwa anayetaka kuingia BIOS tu. Mtu anaweka neno, anawasha tena, Windows inafunguka kama jana, anasema BIOS ni mbovu. Badili iwe «System» au «Always», kisha F10, kubali.

Ungali ndani ya BIOS, nenda «Boot». Weka diski iwe ya kwanza, na pale palipo na mstari wa «USB Boot» au «USB Storage Boot», uzime. Tunasema kuwasha kupitia USB, siyo bandari zenyewe za USB: ukizima bandari, wateja hawataweza kukuletea kazi kwa flashi, na kibodi yako nayo inaweza kunyamaza. Halafu jaribu mwenyewe kama anavyojaribu kijana. Ingiza flashi yake, washa, gonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F9 kwa HP, F12 kwa Dell, Lenovo na Gigabyte, F8 kwa ASUS, F11 kwa MSI. Mashine ikifika kwenye flashi bila kudai neno, kuna mstari umeusahau.

Mambo mawili bado. Kompyuta iliyolala haiulizi neno la BIOS inapoamka, kwa sababu haikuzimwa. Jioni izime kweli, na neno la Windows liache mahali pake. Mchana ukitoka dakika mbili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. La pili ni bisibisi. Neno la BIOS ni kufuli ya mlangoni, na kasha la kompyuta ni dirisha. Anayelifungua anaweza kurudisha BIOS kama ilivyotoka kiwandani, au kuchomoa diski na kuondoka nayo. HP na Dell za ofisini mara nyingi zina kitanzi cha chuma nyuma cha kupitishia kufuli ndogo, tumia. Ile nyingine ikae ndani ya meza inayofungwa, ila iachiwe nafasi ya hewa nyuma na pembeni.

Na TFC za wateja, Mama, zihifadhi pia kwenye diski ya pili kila jioni. Diski ikifa yenyewe, hakuna neno la siri litakalozirudisha.

Nina Dell OptiPlex. Niliweka neno la kuwashia mwezi jana na lilifanya kazi vizuri. Kibodi ikafa, nikanunua nyingine Birere, ya herufi za Kiingereza. Sasa mashine inakataa neno lile lile! Nina hakika sikosei hata herufi moja. – Mwalimu, Himbi, Goma

Mwalimu, hukosei. Kwa BIOS, hilo si neno lile lile tena.

BIOS haisomi herufi iliyochorwa juu ya kitufe. Inapokea namba ya mahali kitufe kilipo, kisha nyingi zinaitafsiri kwa mpangilio wa Kiingereza, QWERTY, hata kama kibodi iliyochomekwa ni ya Kifaransa, AZERTY. Kwenye kibodi yako ya zamani ulipobonyeza A, BIOS iliandika q. Ulipobonyeza M, iliandika nukta-mkato. Na kwa kuwa BIOS inaonyesha nyota badala ya herufi, hukuona tofauti, wala hukuwa na haja ya kuiona: kila asubuhi vidole vilipita mahali pale pale. Kibodi mpya imehamisha herufi tano na kukuacha nje.

Njia rahisi ni kuazima kibodi yoyote ya AZERTY kwa dakika tano. Andika neno kama zamani, gonga F2, ingia BIOS, kisha chomeka kibodi mpya na uweke neno jipya kwa hiyo hiyo. Usipopata ya kuazima, andika kwa kufuata mahali. Palipokuwa na A bonyeza Q, palipokuwa na Q bonyeza A. Z na W zinabadilishana vivyo hivyo. Palipokuwa na M, bonyeza kitufe kilicho kulia kwa L. Tarakimu zina mtego wake: kwenye AZERTY safu ya juu hutoa tarakimu kwa Shift, lakini BIOS ikisoma Shift pamoja na 4 inaandika alama ya dola. Kama zamani ulishika Shift, shika Shift na sasa. Kwa mfano, aliyeandika amani47 kwa AZERTY, BIOS yake inashikilia q;qni$& na hicho ndicho anachotakiwa kuandika kwa kibodi mpya.

Ukikosea mara tatu, kawaida mashine husimama na kutaka izimwe. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde tano, uanze upya. Neno la kuwashia la BIOS halifuti kitu kwenye diski kwa sababu ya kukosea.

Kwa neno jipya, epuka A, Q, Z, W, M na tarakimu za safu ya juu. Zinabaki herufi 21 ambazo hazihami kati ya kibodi hizi mbili. Kwa Kiswahili si kazi nyepesi, lugha yetu inaipenda A kama ugali unavyopenda sombe, lakini maneno yapo: jogoo, kijiko, kiboko, kitunguu. Unganisha mawili au matatu ya kwako mwenyewe, siyo haya tuliyoyachapisha. Bodi za zamani zinakubali herufi 8 tu, nyingine 6, kwa hiyo hesabu kwanza. Herufi za pembeni, yaani kizuizi cha tarakimu cha kulia, ziache pia: Num Lock ikiwa imezimwa wakati wa kuwaka, 7 inageuka kuwa «Home» na hutajua.

Wenye HP za ofisini wana nafuu: nyingi zina mahali pa kuchagua lugha na mpangilio wa kibodi ndani ya BIOS. Chagua Kifaransa kabla ya kuweka neno, usichague baadaye. Na kwa wote, siku ya kuweka neno la BIOS tumia kibodi ya waya. Ya Bluetooth kwa kawaida haijaamka wakati BIOS inauliza.

Rafiki yangu wa Kamalondo ana Windows 7. Alibonyeza Windows na R, akaandika syskey, sasa kompyuta yake inauliza neno kabla ya jina la mtumiaji. Kwangu, Windows 10, haipatikani. Niipakue wapi? – Mwanafunzi, Lubumbashi

Usiipakue popote. Microsoft iliiondoa syskey kwenye Windows 10 toleo la 1709, lililotoka mwezi wa Oktoba 2017, na sababu zake zilikuwa nzuri. Ilikuwa inafungia orodha ya maneno ya siri ya watumiaji tu. Faili zako zilibaki wazi kwa yeyote mwenye flashi ya Linux. Matapeli wa simu waliipenda: waliingia kwenye kompyuta ya mtu kwa mbali, wakaweka syskey, wakadai pesa. Mwambie rafiki yako aifungue tena, abonyeze «Mettre à jour», achague neno litengenezwe na mfumo na lihifadhiwe ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Swali litaondoka. Asipofanya hivyo hataweza kupanda moja kwa moja kwenye Windows 10 ya toleo hilo au la baadaye. Wewe tumia BIOS kama tulivyomweleza Mama wa Kadutu.

Nimenunua ThinkCentre ya okazioni (iliyokwisha tumika) hapa komini ya Kenya. Windows inafunguka, lakini nikitaka kuingia BIOS inaniuliza neno nisilolijua. Fundi wa kwanza anataka kubadili ubao mama wote. Wa pili anasema toa betri tu, kazi imekwisha. Nimsikilize nani? – Papa wa watoto wanne, Lubumbashi

Papa, kabla ya mafundi, rudi kwa muuzaji. Mashine za okazioni nyingi zinatoka ofisi moja kwa mzigo mmoja, na neno likawa moja kwa zote. Akilijua, umeokoa pesa na muda. Akigeuka mkali unapomwomba hati ya mauzo, hilo nalo ni jibu.

Fundi wa betri anaongea habari ya mashine za zamani. Ile betri ya duara, CR2032 ya volti 3, yenye upana wa milimita 20, hulisha saa na kumbukumbu ndogo ya mipangilio. Bodi za zamani zilitunza neno la siri humo humo, kwa hiyo ukitoa betri neno linapotea. Mashine za ofisini za miaka ya karibuni hutunza neno la msimamizi kwenye chipu isiyohitaji umeme. Betri inaweza kukaa nje wiki nzima, neno likawa palepale. Fundi wa ubao mama naye ameruka hatua moja: jampa.

Jampa ni kofia ndogo ya plastiki inayounganisha pini mbili. Kazi yenyewe ni hii. Zima, chomoa waya wa umeme kwenye kompyuta, siyo ukutani tu pale penye ondulea (kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika), kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 ili mabaki ya umeme yaishe. Fungua kasha, gusa chuma chake tupu kwanza ili umeme wa mwilini usiingie kwenye bodi. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu. Kwenye ThinkCentre tafuta pini tatu zenye maandishi ya «Clear CMOS». Kofia inakaa kwenye pini 1 na 2. Ihamishie 2 na 3. Funga, rudisha waya, washa, iache kama sekunde 10 hata kama skrini ni nyeusi, kisha uizime kwa kushikilia kitufe. Chomoa tena waya, rudisha kofia kwenye 1 na 2. Wanaosahau hatua hii ya mwisho ndio wanaorudi kusema mashine imekufa.

Wenye mashine nyingine: HP za ofisini huwa na jampa iliyoandikwa E49 pembeni yake. Unaiondoa, unawasha hadi Windows ifunguke, unazima, unairudisha. Dell OptiPlex za mwaka 2011 na 2012, kama 790 na 7010 ya kwanza, zinafanya vivyo hivyo kwa jampa ya «PSWD». Kwenye bodi za ASUS tafuta CLRTC, MSI JBAT1, Gigabyte CLR_CMOS. Hizi hazitaki kuwashwa, zinaunganishwa sekunde 5 hadi 10 huku waya wa umeme uko nje. HP nyingine zina mpangilio uitwao «Stringent Security» unaozuia E49 isifute neno. Hapo fundi wako wa kwanza ndiye aliyesema kweli. Msomaji mwenye HP akiukuta mstari huo asiuwashe kwa kujaribu tu.

Baada ya kufuta, mambo matatu huwatisha watu. Saa inarudi miaka nyuma, na kivinjari kinakataa kurasa kikisema vyeti vyake si halali: rekebisha tarehe tu. Windows inaweza kuonyesha skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kwa sababu njia ya kuongea na diski imebadilika, labda kutoka AHCI kwenda RAID au IDE. Irudishe ilivyokuwa kwenye mstari wa «SATA Mode». Na kama Windows imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayosimba diski nzima, itadai namba ya uokoaji yenye tarakimu 48. Usipokuwa nayo, usiguse jampa kabla ya kutoa faili zako, kwa kuwa kwako Windows bado inafunguka.

Nunua pia CR2032 mpya ungali umefungua kasha. Kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme haili betri, umeme wa ukutani unatunza saa. Lakini kwetu mashine inakaa saa nyingi bila umeme, na zote hizo betri ndiyo inayobeba. Ukipima ukakuta chini ya volti 2.7, ibadilishe. Upande wenye alama ya kujumlisha unaangalia juu.

Jambo la kutochanganya: kama neno linaloulizwa ni la diski, «Hard Disk Password», jampa haisaidii. Neno hilo linakaa kwenye diski yenyewe na linahama nayo hadi kwenye kompyuta nyingine. Diski ya okazioni yenye neno hilo, mrudishie muuzaji.

Kituo chetu cha afya kina kompyuta moja yenye majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo. Tumeweka neno la BIOS. Je, inatosha mashine ikiibiwa? – Muuguzi, Ndosho, Goma

Haitoshi, Dada. Mwizi hahitaji BIOS yako. Anafungua skrubu, anachomoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma kila kitu, neno la Windows likiwa halina maana tena. Kwa majibu ya wagonjwa mnahitaji kusimba diski nzima, yaani kila kilichoandikwa juu yake kigeuzwe kisisomeke bila ufunguo.

Angalieni kwanza toleo la Windows: kitufe cha Windows na R, andika winver. Kama ni Professionnel, BitLocker imo. Kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina TPM, chipu inayotunza ufunguo wa diski, na BitLocker hukataa kwa sababu hiyo. Suluhisho liko ndani ya gpedit.msc, inayofunguliwa vivyo hivyo kwa Windows na R: «Configuration ordinateur», «Modèles d'administration», «Composants Windows», «Chiffrement de lecteur BitLocker», «Lecteurs du système d'exploitation». Fungua mstari wa kudai uthibitisho wa ziada wakati wa kuwasha, uwashe, na weka alama kwenye kisanduku kinachoruhusu BitLocker bila TPM. Ukirudi kuwasha BitLocker kwenye diski ya C, itakuomba uchague neno la siri la kuwashia, lisilopungua herufi 8. Penye TPM, dai PIN: kawaida ni tarakimu 6 hadi 20. TPM bila PIN humfungulia hata mwizi aliyebeba mashine nzima, angalau hadi kwenye dirisha la Windows.

Kabla ya kuanza, nakilini kila kitu kwenye diski ya nje. Namba ya tarakimu 48 chapeni nakala mbili: moja kwenye sanduku la pesa la kituo, nyingine kwa msimamizi mahali pengine. Isikae kwenye diski hiyo hiyo inayofungwa. Kichekesho hiki tunakiona kila mara kwenye barua zenu. Kuhusu umeme msihofu sana: ukikatika katikati ya kazi, BitLocker huendelea ilipoishia Windows ikiwaka tena. Bado, anzeni umeme ukiwa imara na ondulea imejaa, kwa sababu diski yenyewe haipendi kuzimwa ghafla.

Windows Famille haina njia hiyo. Hapo kuna VeraCrypt, ya bure, inayoweza kufunga diski ya mfumo. Ikiwaka inasoma kibodi kwa mpangilio wa Kiingereza, kwa hiyo ushauri tuliompa Mwalimu wa Himbi ni wenu pia. Itawatengenezea diski ya uokoaji. Msiiruke hatua hiyo.

Na siku fundi atakapotaka kugusa BIOS au kuisasisha, simamisheni BitLocker kwanza, «Suspendre la protection», asije akawaacha mbele ya skrini inayodai zile tarakimu 48 huku wagonjwa wamepanga foleni.

Kompyuta ya kanisa letu inarusha sauti na lazima ijiwashe yenyewe baada ya delestaji (umeme kukatwa kwa zamu). Tukiweka neno la kuwashia itajiwasha? – Shemasi, Bagira, Bukavu

Itajiwasha, halafu itakaa ikingoja mtu aandike. Kwa mashine kama hiyo acheni neno la kuwashia. Wekeni la msimamizi, zimeni kuwasha kwa USB, na kwenye mstari wa «AC Recovery» au «After Power Loss» chagueni «Power On» au «Last State». Mlango wa chumba ndio utakaofanya kazi iliyobaki. Kama mnaogopa umeme unaorudi kwa kuchezacheza, ondulea katikati ni bora kuliko kuichomeka moja kwa moja.

Nibadilishe neno la BIOS kila mwezi? – Msomaji, Katuba, Lubumbashi

Hapana. Libadilishe siku mfanyakazi anayelijua anapoondoka, siku fundi wa nje amelitumia, na siku umenunua mashine. Ukilibadilisha kila mwezi utaishia kulibandika chini ya kibodi, na huko ndiko kila mtu anakoangalia kwanza. Liandike kwenye karatasi pamoja na aina ya kibodi uliyotumia, AZERTY au QWERTY, uiweke pale unapoweka hati za nyumba.